Makoti Manane Yasiyo na Kasoro

"Kwa hiyo sasa hukuona?"

"Sijasema sikuona, jirani."

"Basi sema uliona. Sema makoti yalikuwa mabovu, umalize. Nani atakukata ulimi?"

Fundi Milimita alikuwa amesimama mlangoni kwake, nusu ndani nusu nje, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mbele yake, Mama Mapande alikuwa ameziba njia kwa mwili wake wote, na ule haukuwa mwili mdogo. Simu ameinyoosha mbele, karibu imguse Fundi kidevuni. Jengo zima lilikuwa limeshajua kuna jambo. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akifagia ngazi moja ile ile kwa dakika kumi, na ngazi yenyewe ilikuwa safi tangu asubuhi.

Simu ilikuwa hewani. Baada ya kusikilizishwa muziki kwa dakika arobaini, Mama Mapande alikuwa amempata dada wa huduma kwa wateja wa lile duka la mtandaoni, naye, kwa sauti laini ya mtu aliyekaa penye kiyoyozi, alikuwa amesema kwamba kama yupo mtu wa pili aliyeziona hizo nguo kabla hazijarudishwa, hasa mtu mwenye ujuzi wa nguo, basi wangelitazama upya suala lake. Mtu mwenye ujuzi wa nguo ndiye huyu, mlango kwa mlango. Mungu akupe nini tena?

Fundi aliitazama simu kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sahani. Akasema yeye ni mtu wa cherehani, mambo ya kuhojiwa kwenye simu hayawezi, ana mashati ya watu yanamsubiri. Akarudi nyuma hatua moja, akafunga mlango taratibu, kistaarabu, jambo ambalo lilimuudhi Mama Mapande kuliko kama angeubamiza.

"Mama, upo hewani?" sauti laini iliuliza. "Kuna lingine naweza kukusaidia?"

"La kwanza ulilonisaidia ni lipi?" akajibu, akakata.

Sasa, ili mtu amwelewe huyu mama, lazima ajue alikotoka. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akiwapikia mafundi magari kwenye kibanda cha mabati, na jina la Mapande walimpa wao, kwa jinsi alivyokuwa hana mkono mfupi kwenye nyama. Mwaka huu alikuwa amejitosa, akaomba zabuni ya kantini ya hospitali, na kwa mshangao wa watu wote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, akapewa. Ila barua ilikuwa na masharti. Wafanyakazi wanane, kila mmoja na koti jeupe la jikoni la mikono mirefu. Mkaguzi angekuja Jumatatu saa tatu. Asiye na koti haingii jikoni, na jiko lisilotimia watu wanane linakwenda kwa yule aliyeshika nafasi ya pili. Na leo, siku ya ugomvi huu wa mlangoni, ilikuwa Alhamisi.

Mwanzoni alikuwa amemwendea Fundi, kama ilivyo haki. Fundi akamwambia wiki sita, maana shule zinafunguliwa na sare zimemfika kooni. Wiki sita hakuwa nazo. Ndipo akaingia kwenye simu, akaona makoti meupe yamevaliwa na vijana wanaotabasamu, akaagiza manane. Aliagiza kimya kimya. Ukiishi mlango mmoja na fundi ukanunua nguo iliyoshonwa kwingine, ni sawa na kumpita mtu sebuleni kwake bila salamu.

Makoti yalifika. Mkono wa kulia ulikuwa mzuri. Mkono wa kushoto, kwenye kila koti, ulikuwa umeungwa kinyume, kiwiko kikaangalia mbele. Mkata mboga wake alipolijaribu moja, alionekana kama mtu anayetaka kumkumbatia aliyeko nyuma yake. Jikoni walicheka mpaka wakashikana. Mama Mapande alicheka pia, kisha akakumbuka kwamba pesa ni zake.

Kampuni ilisema rudisha tu, pesa yako utapata, na pesa hiyo ndiyo angenunulia mengine, ila mzigo ufungwe vizuri ndani ya mfuko ule ule uliokuja nao. Mfuko ule ule yeye alikuwa ameupasua kwa kisu cha kukatia nyama. Ikabidi ameze fundo, aubebe mzigo mpaka kwa Fundi, amwombe aushone mfuko kwa ile sindano yake nene. Fundi alichomoa koti moja, akalitazama begani, kama daktari anayesoma majibu mabaya. Akauliza nani kashona hii. Mama Mapande akajibu ni mtandao. Fundi akasema amwachie siku mbili, atayakunja vizuri na kuushona mfuko. Siku mbili zilipokwisha akamkabidhi mfuko ulioshonwa hata usijue ulipasukia wapi. Mama Mapande akalipa nauli ya mzigo, ukaenda.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za kupigwa danadana. Leo wanataka namba ya oda. Kesho wanataka picha ya kasoro. Anawatumia picha, wanasema haionekani vizuri, apige nyingine, na makoti yako kwao. Mara wanamwambia suala lake limepandishwa juu. Akauliza juu kwa nani, wakamwambia limepandishwa tu. Kuna siku aliongea na mtu kwa robo saa nzima, akamweleza mpaka habari za mkaguzi na hospitali, ndipo akagundua anayemjibu ni mashine. Usiku ule hakula.

Na leo asubuhi ujumbe ulikuwa umeingia: *Tumekagua bidhaa zako zote nane. Hatukuona kasoro yoyote. Hivyo hutarudishiwa pesa. Bidhaa ziko kituo cha mizigo, zichukuliwe ndani ya siku tatu, baada ya hapo zitateketezwa.* Chini yake walimwomba awape nyota kulingana na alivyoridhika na huduma.

Sasa alikuwa amerudi kwake, amejitupa kwenye kochi, pumzi zinapanda na kushuka. Mumewe, dereva wa lori aliyekuwa nyumbani wiki ile kwa sababu lori lenyewe lilikuwa gereji, alimwambia jambo liko wazi. Wezi hao. Wamechukua mabovu yake, wamepiga picha ya mazima ya mtu mwingine, wakamtumia. Yeye mambo ya barabarani ameyaona mengi, na mzigo ukishatoka machoni pako, ushatoka.

"Picha gani?" Mama Mapande akauliza.

Picha zilikuwa chini ya ujumbe, nane, kila koti na yake. Kwa hasira alizokuwa nazo asubuhi hakufika huko. Alizifungua. Makoti yamelazwa juu ya meza ya bati, mikono imenyooshwa, ya kulia na ya kushoto inalingana kama macho mawili ya mtu mmoja. Basi ni kweli, alisema moyoni, wamebadilisha. Tayari alikuwa anapanga maneno ya kumpa yule dada wa sauti laini, maneno ambayo yangemtoa kwenye kiyoyozi. Picha ya mwisho ilikuwa imepigwa karibu, kwapani, kuonyesha kwamba mshono ni imara. Akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa.

Kwapani palikuwa na uzi umerudiwa mara tatu, na mwisho wake umefungwa kwa kimsalaba kidogo, kama punje ya mchele juu ya punje nyingine.

Mama Mapande aliisogeza simu karibu na macho. Kisha akanyanyua mkono wake wa kushoto juu kabisa, akainamisha kichwa, akajichungulia kwapa la gauni alilovaa. Mumewe akamuuliza kuna nini, ameumwa na mdudu? Uzi mara tatu. Kimsalaba. Gauni hilo alishonewa mwaka juzi, na aliyelishona huwa anasema nguo zote za dunia hufia kwapani, kwa hiyo ya kwake haitakufa.

Alitoka na simu mkononi, mkono mwingine bado uko juu, akavuka korido.

Fundi alifungua kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa anamsubiri, ilionekana. Nyuma yake sare za shule zilikuwa zimejaa mpaka dirishani, na pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake. Mama Mapande alimwonyesha kwapa la picha, halafu la gauni, halafu la picha tena. Fundi alishusha macho, akaanza kuviringisha futi yake kidoleni.

"Nilianza na moja tu," akasema. "Nilitaka nione kama linawezekana. Nikafumua mkono, nikaugeuza, likatoka zuri. Sasa saba yaliyobaki ningeyaachaje?"

"Ungeyaacha hivyo hivyo mabovu."

"Yatoke mlangoni kwangu kiwiko kiko mbele? Nimeufunga mfuko kwa mkono wangu, jirani. Mtu akifungua huko, anaona mshono wa nje ni wa kwangu, anaangalia ndani anakuta vile. Atasema nini?"

"Angesema makoti ni mabovu, Fundi. Angenirudishia pesa yangu. Ule ubovu ndio ulikuwa shahidi wangu, nawe ukamfumua ukamshona upya."

Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa ameshuka ngazi tatu na ufagio wake. Mama Mapande alimkata jicho, jirani akapanda mbili.

Ndipo Fundi akamweleza kwa nini alimfungia mlango. Angesema nini kwenye simu? Akisema yalikuwa mabovu, anadanganya, maana yalipoondoka yalikuwa mazima. Akisema mazima, anamuumbua jirani yake mbele ya watu. Wiki tatu nzima alikuwa akimsikia ukutani akigombana na simu, na kila siku alijiambia leo watalipa, mambo yaishe, asilazimike kusema.

"Na siku ile yalipokuwa hapa yametengenezwa? Si ungenigongea ukaniambia, shika makoti yako, vaeni?"

Fundi aligeukia meza yake. Akazima pasi. Akasema alikwenda mpaka mlangoni kwa Mama Mapande, akarudi. Kwa sababu mama huyo alikuwa amekwenda kununua kwingine bila kumwambia, na yeye Fundi akaona aibu kumwambia kwamba amekesha na hayo makoti. Ingekuwa kama anamsuta.

Hapo Mama Mapande aliushusha ule mkono wake, uliokuwa bado juu. Hasira zilikuwa bado zipo, nyingi, zimemjaa mpaka masikioni, lakini zilikuwa hazijui zimwendee nani. Mwishowe akamwambia neno moja tu, kwamba kesho saa mbili asubuhi wanakwenda kituo cha mizigo wote wawili, na sare za shule zingojee.

Kituo cha mizigo kilikuwa nyuma ya soko la vyuma, chumba kirefu chenye dirisha moja na foleni mbili, moja ya kupokea na moja ya kulalamika. Ya kulalamika ndiyo iliyokuwa ndefu, na watu wake walikuwa wameshafahamiana. Karani alimwambia kuna ada ya kuhifadhi. Akauliza kuhifadhi nini, kitu ambacho wao wenyewe wamekataa kukirudishia pesa? Karani akasema ndiyo, hicho hicho, siku mbili. Akalipa. Karani akamsukumia fomu yenye sehemu ya kuandika sababu ya kuichukua tena bidhaa iliyorudishwa. Mama Mapande alishika kalamu, akamtazama Fundi, akarudisha macho kwenye fomu, akaandika: *Imekuwa nzuri.* Karani akapiga muhuri bila kusoma.

Jioni makoti yalikuwa yametandazwa sebuleni kwake, kwenye makochi, juu ya televisheni, mengine mlangoni. Wafanyakazi wanne wanaokaa jirani walipita kuyajaribu. Mkata mboga alinyanyua mikono, akaizungusha, akachota mchuzi wa hewani kwa upawa wa hewani. Kiwiko kilikuwa nyuma, mahali pake. Mume wa Mama Mapande alisema, kwa hiyo si wezi? Akaambiwa anyamaze.

Pesa haikurudi. Alikuwa amelipia makoti, akalipia nauli ya kuyapeleka, akalipia na kuyakomboa, na yule dada wa sauti laini alikuwa ametuma tena ombi la nyota. Lakini Jumatatu saa tatu watu wanane wangesimama mbele ya mkaguzi, weupe kutoka shingoni hadi viganjani. Wafanyakazi walipoondoka, Fundi alibaki amesimama karibu na mlango akiyakunja makoti, moja moja, mikono ikiangukia mgongoni, pindo kwa pindo. Alipomaliza la nane akasema basi, yeye anakwenda, na kazi ya mikono hatadai kitu.

"Nani kakuambia hutadai?" Mama Mapande alikuwa ameshafunua sufuria na mvuke umejaa chumbani. "Kwanza viatu vyako vitoe hapo mlangoni, watu watajikwaa. Ingia ndani, kaa, chakula kiko tayari. Na ukiona pazia langu limepinda, uangalie sahani yako."