Funguo Ndani ya Friji

"Deolinda, hebu niambie ukweli, una mwanamume huko chini?"

Natália wa ghorofa ya pili aliniuliza hivyo ngazini, mwaka wa kwanza wa ujane wangu, nami nina kapu la nguo mkononi na rozari mfukoni. Alisema kila alfajiri anasikia mtu kupitia mabomba. Ananguruma, ananyamaza, kisha anashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu. Nilicheka mpaka nikaweka kapu chini. Nikamwambia huyo si mwanamume, ni friza la Adelino.

Adelino, mume wangu, alilinunua kwa muuza nyama aliyekuwa anafunga duka. Lilikuwa zee tayari. Aliliteremsha kwenye chumba cha chini ya nyumba akisaidiwa na wenzake wanne wa kiwanda cha nguo, na tangu siku hiyo halikunyamaza. Alipokufa nilibaki nalo. Kwa miaka sita nililala nikilisikia chini ya sakafu na kuamka nikilisikia, na fundi sikumwita, maana niliogopa asije akaliponya.

Ndani yake mlikuwa na vitu vichache, njegere, mkate, samaki wa Ijumaa, na furushi moja la karatasi nyeupe. Kila Januari Adelino alitengeneza soseji kama za kwetu kisiwani, za nyama ya nguruwe, pilipili nyekundu, kitunguu saumu na divai, akazitundika kwenye moshi huko uani. Januari ile ya mwisho aliandika juu ya furushi moja kwa kalamu ya wino: "Ya Pasaka." Tulimzika wiki ya pili ya Kwaresima. Tangu hapo kila Pasaka nililitoa furushi lile, nikalisoma, nikalirudisha. Hilo sikumwambia mtu, hata padri, kwa kuwa sikujua niliite dhambi gani.

Corinne ni mjukuu wa Natália, anasomea filamu chuoni. Alikuja mwezi wa pili, viatu vimejaa theluji, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Bibi Deolinda, naomba nyumba yako. Na wewe mwenyewe."

"Mimi wa nini?"

"Uigize."

"Si una bibi yako huko juu?"

"Bibi Natália anaongea. Mimi nataka mtu asiyeongea."

Akanieleza masharti ya mwalimu wao. Filamu isizidi dakika tano. Nyumba moja, mwigizaji mmoja, watengenezaji wawili tu, muziki hakuna. Kamera chuo kinawapa Ijumaa jioni na kinaitaka Jumatatu saa tatu asubuhi, na betri zake ni mbili, moja imechoka. Taa waliyokuwa nayo, ukiiwasha pamoja na birika langu, umeme wa nyumba nzima unakatika, kwa hiyo wangetumia jua la dirisha la jikoni, ambalo huingia saa nne na kutoka saa nane. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwanamke anayeosha vyombo. Anasikia mlango unabishwa, anaufuata, anasimama mbele yake, hafungui.

"Kwa nini hafungui?"

"Hatujui, Bibi."

"Mimi ningefungua."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana itakuwa kazi."

Nilikubali. Sitasema uongo, haikuwa kwa ajili ya filamu. Nilitaka kusikia nyayo za watu sakafuni.

Jumamosi tatu walikuja kupanga tu. Corinne alichora kila picha ndani ya vijisanduku kwenye daftari, akapima jikoni yangu kwa futi ya Adelino, akabandika vipande vya utepe sakafuni mahali ambapo miguu yangu ingesimama. Mwenzake aliitwa Joelle, msichana mrefu, fundi wa sauti. Huyo hakuwa na maneno. Alitembea akiweka sikio ukutani na kiganja juu ya bomba la joto, kama daktari. Niliwaokea mkate mtamu, nikawachemshia kahawa. Makoti yao niliyatundika kwenye kiti cha Adelino, na walipoondoka kiti kilibaki na harufu ya baridi ya nje. Corinne alisema mwalimu akiipenda hii, mwezi wa tano watatengeneza nyingine kubwa zaidi, hapahapa kwangu. Mwezi wa tano. Nilianza kuhesabu majuma, nikamwomba Mungu anisamehe, maana ilikuwa Kwaresima na nilipaswa kuhesabu kitu kingine.

Jumamosi ya kupiga picha walifika saa mbili asubuhi. Jua lilipoingia nilikuwa nimesimama kwenye sinki na nguo yangu nyeusi.

"Mwalimu atadhani nguo hiyo tumekununulia," Corinne akasema nyuma ya kamera.

"Nimezinunua mwenyewe. Ziko saba."

"Haya. Unasikia mlango. Nenda."

Nikaenda.

"Bibi, unatembea kama unakwenda kugombana na mtu."

"Ndivyo ninavyotembea."

"Basi tembea kama mtu aliyegombana jana akashindwa."

Hapo Joelle alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue, na ikabidi turudie kwa sababu kicheko chake kiliingia kwenye maiki. Nilikwenda mlangoni mara kumi na moja. Mara ya tisa nilisahau nikafungua kweli, na Corinne akajitupa sakafuni akapiga kelele kwamba nimemuua.

Karibu saa saba Joelle alivua hedfoni masikioni. "Friji inasikika," akasema.

Corinne akachomoa waya wa friji ya jikoni, kisha akachukua funguo za gari la Joelle mezani, akazitia ndani ya friji, karibu na maziwa yangu, akafunga mlango.

"Unaficha nini humo?" nikamuuliza.

"Watu wote wa filamu wanafanya hivi, Bibi. Ukizima friji ya watu, tia funguo za gari ndani. Huwezi kwenda nyumbani bila kuifungua, na ukiifungua unakumbuka kuiwasha."

"Na asiye na gari?"

"Huyo anakwenda kwa miguu, na maziwa ya watu yanachacha."

Joelle alikuwa amevaa hedfoni tena. Akatikisa kichwa. "Bado kuna kitu. Chini."

Nilijua anasema nini.

Corinne alinitazama, kisha akatazama dirisha. Jua lilikuwa limeanza kuliacha sinki. "Bibi, tunaweza kulizima? Robo saa tu. Tumalize hii, halafu tuchukue dakika moja ya ukimya wa nyumba, basi. Ukisema hapana si neno. Kesho tutafanyia kwa shangazi yangu." Alisema bila ubaya wowote. "Kuna kitu cha maana ndani?"

Nikatazama makoti kwenye kiti. Vikombe vitatu vilikuwa mezani.

"Nyama tu," nikasema.

"Una hakika, Bibi?" Joelle akauliza.

"Nenda, mwanangu. Boksi la umeme liko chini ya ngazi. Swichi ya tatu kutoka juu."

Akashuka. Nilisikia friza linanguruma, likashusha pumzi, likanyamaza. Nikaenda mlangoni mara ya kumi na mbili, nikasimama, sikufungua. Corinne akasema hiyo ndiyo.

Kisha wakachukua ule ukimya. Sikujua kwamba watu wa filamu hurekodi hata nyumba isiyosema kitu. Joelle alieleza kwamba kila nyumba ina kimya chake, na huwezi kuazima cha nyumba nyingine. Akainua mkono, tukasimama watatu bila kusogea. Corinne alifumba macho. Nilisikia pumzi ya Joelle, na theluji ikiteleza juu ya paa, na mbali kidogo basi la kanisani likipanda kilima. Nilisikia watu wawili walio hai wakiwa wamesimama jikoni kwangu. Dakika nzima sikumkumbuka Adelino. Mkono wa Joelle uliposhuka ndipo nilipomkumbuka, na nikatamani wangerudia.

Kisha kukawa na haraka. Jua limekwisha, betri imekwisha, kamera irudi kwenye sanduku lake. Corinne alinikumbatia mara mbili. Alifungua friji akatoa funguo, zimepoa kama barafu, akamgusa nazo Joelle shingoni, Joelle akaruka. Akachomeka waya, friji ikaanza kuimba, akaipigia makofi. "Mmeona? Haishindwi!" Wakateremsha masanduku, gari likawaka, wakaenda.

Hakuna aliyeshuka chini. Nami pia sikushuka.

Nyumba ilikuwa kimya jioni ile, kimya kizito, kikanikaa kifuani. Nilidhani ni kile cha watu walioondoka. Nilisema rozari nikalala. Jumapili nilikwenda Misa, nikarudi, kimya kilekile, nikajiambia, Deolinda, umezoea vibaya, jitie moyo. Jumatatu vilevile. Niliung'oa utepe sakafuni, isipokuwa kipande cha mlangoni.

Jumanne Natália alinisimamisha ngazini.

"Mwenzangu, yule mwanamume wako kahama? Tangu Jumamosi nalala kama mtoto."

 Nilishuka nikishika ukuta.

Maji yalikuwa yamefika mpaka kwenye mapipa ya divai ya Adelino. Barafu ya friza tupu huyeyuka upesi, na hili lilikuwa karibu tupu, tena tanuru la joto la nyumba liko hatua tatu tu kutoka pale. Nikapandisha swichi ya tatu. Kukasikika mlio mmoja mkavu, tena mara moja, kisha basi. Nilipandisha na kushusha mpaka kidole kikauma. Halikuwaka tena.

Furushi lilikuwa laini mikononi mwangu kama kitu kilichokuwa hai asubuhi hiyo. Karatasi ilibanduka yenyewe kwa maji. Wino ulikuwa umekimbia, umekuwa wingu la bluu, na katika maneno aliyoandika ulibaki mguu mmoja wa herufi ya kwanza. Nilinusa nyama. Pilipili ilikuwapo, na divai, na chini yake harufu nyingine iliyozishinda. Nikatoka uani kwenda kuizika chini ya mzabibu wake, lakini ardhi ilikuwa imeganda, sepetu ikaruka kama nimepiga jiwe. Kutupa chakula nimefundishwa ni dhambi tangu sijajua kusoma. Jumatano asubuhi gari la taka lilipita. Nilisimama dirishani mpaka likakata kona.

Karatasi niliisuuza, nikaibana kwa kibanio kwenye kamba juu ya jiko.

Nilikuwa nimeamua kutowaambia. Wangeona haya, na mtu mwenye haya hukaa mbali nawe ingawa anakupenda. Friza lilikuwa limekwisha kwenda. Mwezi wa tano bado ulikuwapo.

Alhamisi walikuja na filamu kwenye kompyuta. Corinne aliingia akiwa tayari anaongea.

"Mwalimu kaitazama mara mbili! Bibi, mara mbili! Kasema yule mwanamke mmempata wapi."

Tukakaa watatu mezani. Nilijiona. Mwanamke mzee mwenye nguo nyeusi, mikono ndani ya sinki, jua kwenye kiwiko. Mlango unabishwa. Anakwenda, anasimama, haufungui, na picha inakaa hapo kwenye mgongo wake muda mrefu, bila sauti yoyote ila nyumba.

"Sikia hapo," Corinne akasema, akaongeza sauti. "Safi kabisa. Hakuna hata muungurumo. Ile ni kazi ya Joelle."

Ilikuwa nyumba yangu bila Adelino ndani yake. Nikajikuta nimeuliza kabla sijajizuia.

"Zile za mwanzo mnazo? Zenye muungurumo?"

"Zile mbovu?" Corinne akacheka. "Hapana, Bibi. Kadi ya kamera ilikuwa ndogo, kila iliyoharibika tulifuta palepale. Unazitakia nini?"

"Sina la kuzifanyia. Nimeuliza tu."

Akaendelea kueleza habari za mwezi wa tano, kwamba safari hii watakuwa watu sita, kwamba nitakuwa na maneno ya kusema. Joelle hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyofanya siku ile alipopima kuta. Alisikiliza sakafu. Kisha akainuka polepole.

"Niliacha waya wangu chini," akasema.

"Waya gani?" Corinne akauliza. "Tulihesabu zote."

Alikuwa ameshaanza kushuka. Nilimwagia Corinne kahawa, ikafurika kwenye kisahani. Friza nilikuwa nimeliacha wazi likauke, taulo ndani yake, ndoo pembeni. Alikaa huko muda mrefu kuliko wa kutafuta waya. Aliporudi hakuwa na waya, na suruali yake ilikuwa imelowa magotini.

Alisimama mbele ya jiko. Aliitazama karatasi kwenye kibanio, lile wingu la bluu, ule mguu wa herufi. Aliinua kidole, hakuigusa.

"Bibi," akasema, "mlikuwa na nini ndani?"

Corinne alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nyama tu," nikasema.

Joelle alinitazama machoni, nami nilijitahidi nisitazame pembeni. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za gari, akaziweka mezani kando ya kikombe changu, bila kuzigonga. Akachukua koti lake kwenye kiti.

"Joelle?" Corinne akaita. "Unakwenda wapi? Theluji inaanguka, weye!"

Alipita juu ya kile kipande cha utepe, akafungua mlango, akashika njia kwa miguu.