Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Fundi aliingiza kichwa na bega moja ndani ya gari, akapapasa mahali ambapo magari mengine huwa na kiti cha nyuma. Mkono ulikuta ubao mwembamba uliovikwa zulia jeusi, basi. Akatoka, akanyoosha mgongo, akamgeukia muuzaji.

"Hapa nyuma hawezi kukaa mtu?"

Muuzaji, mtu wa makamo aliyefunga tai fupi kuliko tumbo lake, alidhani ameulizwa kwa masikitiko. "Samahani sana, mama. Hili ni la watu wawili tu. Lakini tunalo jingine pale, lina nafasi ya..."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto."

"Hata akijikunja?"

"Mama, hapo hata paka atalalamika."

Binti wa fundi, aliyekuwa amesimama kando akijipepea kwa karatasi ya matangazo, alimwona mama yake akitabasamu. Tabasamu hilo hakuwa ameliona tangu baba yake azikwe, na badala ya kumfurahisha lilimtia wasiwasi.

Muuzaji naye aliliona, akaanza kumwaga sifa. Gari hili halinywi mafuta, linalamba tu. Linajigeuza kwenye uchochoro ambamo wengine wangetoka kinyumenyume. Linaegeshwa penye nafasi ya pikipiki mbili. Fundi alisikiliza kwa makini na kuyahifadhi yote kichwani, kwa kuwa alijua atayahitaji mbele ya wakwe.

Na kusema kweli, kwa kazi yake gari dogo lilifaa. Alikuwa fundi wa meno bandia. Madaktari walimletea mataya ya plasta, naye akakaa mezani kwake, taa imeinamishwa, akipanga meno kwenye nta moja baada ya jingine, akipima kwa jicho kimo cha yale ya mbele ili mwenye nayo asije akacheka kama farasi. Kazi ikiisha aliipeleka mwenyewe kwenye kliniki, kila seti ndani ya kikopo chenye jina la mgonjwa. Hakuna kikopo cha meno kinachohitaji kiti.

Lakini miaka kumi na sita alikuwa ameishi na viti saba. Gari lilikuwa la mumewe kwa kadi, ila ukoo mzima uliliita "letu". "Letu liko huru kesho?" waliuliza kwenye simu, salamu hazijaisha mdomoni. Letu lilibeba magodoro, wagonjwa, wafiwa, maharusi, na mara moja jokofu lililosimama wima huku mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Mumewe alilitoa kwa moyo mweupe, lakini yeye alikuwa kazini mchana kutwa. Waliobisha hodi walimkuta mkewe, mikono ina plasta hadi viwikoni. Na mkewe, tangu utotoni, hakujua kukataa. Neno lilifika kwenye meno likageuka. Angesema sijui, angesema labda, angesema ngoja nimuulize mwenyewe, na mwisho wa yote angejikuta ameshanyoosha mkono wenye ufunguo.

Miezi kumi na moja baada ya mazishi, injini ya letu ilikufa. Ukoo uliomboleza. Fundi aliliuza kama chuma chakavu wiki hiyohiyo, na hakugeuka kulitazama likikokotwa.

Jumapili walikuja bila kualikwa, wifi yake na shemeji mkubwa. Shemeji huyo watu walimwita Mwenyekiti, maana hapakuwa na kikao asichokiongoza, na pasipokuwa na kikao alikiitisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha marehemu, akakaa, akakoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Tumesikia unanunua gari," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Tumesikia ni la watu wawili."

"Ndiyo."

"Wewe na nani?"

Fundi akaanza. Mafuta. Maegesho. Vichochoro vya kliniki. Aliyapanga maneno ya muuzaji kama alivyopanga meno, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti yake mwenyewe ilivyomchosha.

"Wifi, tuambie ukweli," dada wa marehemu alimkatiza. "Siku mama yetu akizidiwa tumweke wapi? Kwenye buti?"

"Buti lenyewe halitoshi, shangazi," binti alidakia. Shangazi akamkata jicho.

Mwenyekiti alipangua sababu moja moja, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Mafuta wangechangia. Binti akakohoa kikohozi cha uongo. Maegesho si tatizo, majirani ni watu wema. Na kama uchochoro ni mwembamba, shemeji aegeshe barabara kuu atembee, apate mazoezi. Kisha akaweka kikombe chini.

"Ndugu yangu ameacha jina la mtu mkarimu. Wewe ndiye wa kulifuta?"

Laiti angeishia kwenye maegesho. Fundi alihisi uso unawaka. Alimtazama mtu huyu aliyejimwaga kwenye kiti kile, viganja vyake vimetulia juu ya mikono ya kiti kana kwamba vimezaliwa nacho, na kwa mara ya kwanza hakutafuta neno la kumpoza.

"Siku uliyokuja kuchukua gari ukahamishe makochi," alisema.

Siku hiyo kila mtu aliijua. Msibani ilisemwa ni mpango wa Mungu, tena ilisemwa harakaharaka, na mjadala ukafungwa.

"Kabla hujabisha hodi asubuhi ile, ndugu yako alinishika mkono. Akaniambia, leo gari usimpe mtu, kifua kinanibana, hata kazini siendi. Aliniambia mara mbili. Halafu ukaja wewe. Ukasimama hapo mlangoni, ukasema shemeji, nusu saa tu. Yeye alikuwa chumbani, anatusikia. Nikakupa ufunguo."

"Shemeji..."

"Ukarudi saa tisa alasiri."

Yaliyotokea katikati hakuyasimulia, hapakuwa na haja. Alikuwa amekimbilia barabarani na kandambili mguuni kutafuta teksi. Alikuwa ameketi kwenye foleni, kichwa cha mumewe mapajani, akihesabu magari yaliyo mbele. Walipofika hospitali daktari aliweka vidole viwili shingoni mwa mgonjwa, akaviacha hapo kidogo, akaviondoa.

Wifi alijifunika mdomo kwa upindo wa mtandio. Binti alikuwa akimtazama mama yake tu, kwani hili hakuwahi kuambiwa.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Mwenyekiti aliuliza hatimaye.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Alifikiri. Mtu huyu alikuwa na makosa mengi, lakini uongo haukuwa mmojawapo.

"Ningesema nitarudi upesi."

"Basi mmenielewa," alisema fundi. "Mimi kumnyima mtu siwezi, mnanijua. Nataka gari liwe linakataa kwa niaba yangu."

Waliondoka wakiwa wameacha chai nusu. Binti alikusanya vikombe, akafika nao hadi mlango wa jikoni, akasimama hapo akiwa amempa mgongo.

"Mara mbili, mama?"

"Mara mbili."

Maji ya bomba yalisikika yakimwagika muda mrefu, zaidi ya yanayohitajika kuosha vikombe vinne.

Jumatatu fundi alilinunua. Gari lilifanya kazi yake barabara. Lilipenya palipomshinda mwenye pikipiki, likalamba mafuta kama lilivyosifiwa, hata wahudumu wa kituo cha mafuta wakaisahau sura yake. Vikopo vya meno vilipanda kwenye kiti cha abiria, vimefungwa mkanda, vikasafiri kwa heshima zote. Na simu zikakatika. Wifi alimpa taarifa ya msiba mmoja kwa ujumbe mfupi, akamalizia: usafiri tumeshapata. Fundi aliusoma ujumbe huo mara kadhaa. Alikuwa amepata alichokitaka, na kilikuwa kichungu kama aspirini iliyosagwa. Nyumbani, binti alijibu alichoulizwa, akala alichopakuliwa, akaingia chumbani kwake.

Zikapita wiki saba. Alhamisi moja asubuhi, fundi akiwa anatoka na vikopo vyake, alimkuta Mwenyekiti amesimama getini. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa, na kwapani alikuwa amebana bahasha kubwa ya picha za eksirei.

"Nina miadi ya saa nne, shemeji," alisema. "Ni moyo."

Alilitamka neno hilo kwa aibu, kama mtu aliyekutwa amevaa shati la nduguye.

"Teksi niliyoita imeharibika njiani hapo chini. Niko peke yangu," akaongeza, macho yakiwa kwenye kiti cha abiria.

Fundi naye alikitazama. Alikuwa amelinunua gari hili likatae kwa niaba yake, na sasa lilikuwa limesimama kimya, mlango wazi, kiti kitupu. Hakuna aliyekuwa amemwonya kwamba hata viti viwili ni vingi. Alihamishia vikopo kwenye ubao wa nyuma, akapangusa vumbi la plasta kwenye kiti kwa kiganja.

"Panda."

Katika gari kubwa hawakuwahi kukaa karibu namna ile. Magoti ya Mwenyekiti yaligusa dashibodi, bega lake likamgusa fundi kila walipokata kona, na pumzi zake zilisikika, fupifupi, zenye mluzi. Fundi alimchukia kwa pumzi hizo, kisha akamhurumia, kisha akamchukia tena, yote kabla ya taa za pili za barabarani. Foleni ilipowakaba aliingia uchochoroni, akatokea nyuma ya soko, akapenya kati ya malori mawili kwa nafasi ya unywele. Kwa umbo la gari hili, njia zilikuwapo. Walisimama mbele ya mlango wa hospitali saa nne kasorobo.

"Tumewahi," Mwenyekiti alisema akitazama saa yake.

Akasikia mwenyewe alichosema. Akageuza uso dirishani, akakaa hivyo huku mkono unatafuta kitasa bila kukipata. Alipokipata alitoa mguu mmoja nje, akasita.

"Utaningoja, shemeji? Nikitoka huwa sina nguvu."

Fundi alifungua mdomo aseme labda.

"Hapana," alisema.

Alikaza mikono kwenye usukani, akangoja. Alingojea jina la marehemu, alingojea ukoo, ukarimu, mama mkwe aliyezeeka, kikao.

"Haya," Mwenyekiti alisema. "Nitatafuta teksi. Ahsante kwa kunileta."

Akajikwamua kitini kwa shida, akafunga mlango taratibu, akaingia ndani na bahasha yake. Hakukasirika hata kidogo. Mlango wa kioo ulijifunga nyuma yake, na fundi akabaki anautazama. Kumbe neno hilo lilikuwa jepesi hivyo. Pumzi moja tu, na mtu anasema haya, anakwenda zake. Alilirudia kwa sauti peke yake ndani ya gari, hapana, kisha tena, hapana, akijaribu kutafuta uzito wake ulikuwa wapi miaka yote hiyo, na hakuupata, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio kikubwa ambacho hata makaburini hakukilia.

Nyuma yake gari lilipiga honi, likafuata jingine. Mlinzi alikuja mbio kumwambia asogee, akainama dirishani, akamwona.

"Pole, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Umefiwa?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Leo?"

Alitaka kumwambia ni mwaka sasa na zaidi.

"Ndiyo," alisema. "Leo."

Mlinzi alisimama wima, akawanyooshea mkono wenye magari nyuma, wangoje.