Nafasi ya Ukungu

Orpha alikaa kwenye kigoda, pale pale alipozoea kukaa na marehemu baba yake, Lambert, wakichora milima ya Likasi kwa rangi za maji. Alipaka kijani cha karibu, kisha buluu ya mbali. Katikati akaacha karatasi tupu, kama alivyofundishwa: ukungu haupakwi, unaachiwa nafasi, na weupe wa karatasi ndio ukungu wenyewe.

Mdogo wake Colette akachungulia begani. "Yaya, ukungu iko wapi? Jua inawaka. Na ile mulima ya baba, mamashini ilishaikula."

Orpha alilijua hilo. Akachovya brashi kwenye rangi ya mbingu ili auzibe ule weupe, mkono ukagoma.

"Mulima iko," akasema. "Iko nyuma ya ukungu."