Kipa Aliyezikwa

Siku niliyokwenda kuomba kurudi uwanjani ndiyo siku niliyopata habari kwamba nimekufa. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa marehemu kwa miaka zaidi ya kumi, nimezikwa na kuliliwa, na muda wote huo mimi mwenyewe sina habari, nashona makochi.

Makochi ndiyo kazi yangu. Navua kitambaa kilichochakaa, nang'oa pini, nabadilisha sponji, kisha navuta kitambaa kipya mpaka kikaze na kukipiga pini chini ya fremu. Ni kazi ya mikono na magoti. Mikono yangu haina neno. Goti la kulia ndilo lenye maneno mengi, maana lilipasuliwa nilipokuwa kipa wa timu ya wanawake, na toka hapo sikusimama tena golini kwenye mechi ya ushindani.

Aliyenitia kiherehere ni binti yangu. Nasema binti yangu, lakini aliyemzaa ni marehemu dada, na mimi ananiita mama mdogo. Wanaume wa mtaa wetu hucheza kila Jumapili kwenye kiwanja kilicho nyuma ya karakana ninayofanyia kazi. Siku moja kipa wao hakutokea, wakanipigia magoti nizibe pengo. Niliziba. Toka siku hiyo kipa wao anakaa benchi na kunung'unika. Binti akaniona, akaenda kupekua kwenye simu yake, akarudi na habari kwamba timu yangu ya zamani bado ipo kwenye ligi na inatafuta kipa wa pili. Hakuniacha nipumue tena. Nikiweka sahani mezani ni ligi, nikivua viatu ni ligi.

Nilikuwa na sababu za kukataa. Nina miaka thelathini na sita. Mwili wa mtu mzima ukianguka hauinuki kwa hasira kama zamani, unainuka kwa majadiliano. Na nilikuwa na kinyongo. Nilipolazwa kwa ajili ya lile goti, hakuna hata mmoja wa timu aliyekuja kuniona, hata salamu ya kutumwa sikupata. Wiki hiyohiyo dada alifariki kwa homa ya siku chache, akamwacha mtoto hajaanza hata kutambaa. Daktari alinikatalia katakata kushuka kitandani, kwa hiyo dada alizikwa nami nikiwa nimening'inizwa mguu. Nilipotoka nilimchukua mtoto, nikahamia mji mwingine kwa ndugu, laini ya simu nikaiacha ife. Nilisema moyoni kwamba kumbe wale wenzangu walipenda mikono yangu tu, siyo mimi. Hata tuliporudi mjini hapa, sikuwatafuta.

Lakini hamu ya mpira haijui kinyongo. Jumanne moja niliaga mapema karakana, nikaenda uwanjani, nikijiambia nakwenda kuangalia tu.

Mazoezi yalikuwa hayajaanza. Mlinzi wa geti alinielekeza chumba cha kubadilishia nguo, kilekile cha zamani, na mlango wake ulikuwa haufungi vilevile. Mabinti walikuwa wanafunga kamba za viatu. Mmoja mmoja walikuwa wakiinuka, wakifika karibu na mlango wanagusa kioo cha fremu iliyotundikwa ukutani, kisha wanatoka. Niliwapisha. Waliniamkia vizuri na wala hawakuniuliza mimi ni nani, nadhani walidhani ni mama wa mtu. Wa mwisho alipotoka, nikaisogelea ile fremu.

Ndani yake mlikuwa na jezi yangu ya kipa, namba moja, ile yenye kiraka cha kiwikoni nilichokishona mwenyewe. Juu ya jezi wameandika jina langu la uwanjani, Komeo, na chini yake, Pumzika, lango tunalo sisi. Pembeni imefungwa riboni nyeusi. Halafu nikaitazama picha iliyokuwa katikati, na hapo ndipo nilipokaa chini kwenye benchi bila kutaka.

Ile haikuwa picha yangu, ilikuwa ya dada. Dada yangu, ambaye hakuwahi kupiga mpira hata wa makaratasi, ambaye alikuwa akiniambia kila nikirudi nyumbani kwamba nanuka tope, alikuwa ukutani amevaa hereni zake za mawe mekundu, anatabasamu, na mabinti wa timu nzima wanamgusa kabla ya kwenda kucheza. Nilitaka kupiga kelele na sikujua nimpigie nani.

Mlango ukasukumwa. Aliyeingia alikuwa Kiberiti, winga wetu wa zamani, mfupi vilevile, siku hizi ndiye kocha, amekumbatia furushi la koni. Aliniona. Koni zote zikamwagika. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akabaki hapo amejikunyata.

"Usinisogelee," alisema.

"Kiberiti, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nasema usinisogelee."

Ilibidi nimwonyeshe kovu la goti, tena akalitazama kwa mbali kwanza. Kisha akaomba mkono wangu, akaubonyezabonyeza kama mtu anayechagua embe sokoni, akaketi sakafuni katikati ya zile koni na kuanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira iliyokuwa haijapata pa kukaa.

"Tulikuzika," alisema. "Nilibeba jeneza kwa bega langu hili."

"Mlimzika dada yangu."

Nilimwona akipiga hesabu kichwani, na kila akifika katikati anarudi mwanzo. Hatimaye akaeleza. Mimi nilikuwa nimelazwa na nimepasuliwa, nao walikuwa wanajipanga kuja kuniona, ikaja habari kwamba nyumbani kwa Komeo kuna msiba. Hawakuhitaji kufikiri. Walifika wamechelewa, wakakaa nyuma kabisa, na jeneza lilikuwa limeshafungwa. Jina langu halisi hawakulijua. Kwenye timu ile mtu aliingia na jina lake la nyumbani na kuliacha getini, na wapo walioamini wazazi wangu ndio walioniita Komeo. Lilipotajwa jina la marehemu, walinong'onezana kwamba kumbe ndilo jina lake. Iliposemwa ameacha mtoto mchanga, walisikitika kwamba nilikuwa msiri kiasi hicho. Mzungumzaji aliposema marehemu alikuwa mpole, hajawahi kugombana na mtu, hapo Kiberiti alikiri kwamba walitazamana kidogo.

"Mngeuliza," nilimwambia. "Watu wote wale, mngemuuliza hata mmoja."

"Unaingia msibani, unamshika mama wa watu mkono, halafu unamuuliza nani amekufa? Wewe ungeuliza?"

Nisingeuliza. Hakuna ambaye angeuliza. Na ile picha? Walitaka picha yangu, na zote walizokuwa nazo za timu nilikuwa nimekunja uso au nimejaa udongo. Wakaomba kwa mjomba mmoja hapohapo msibani, akawapa moja. Walisema nimependeza mno, hawajawahi kuniona hivyo, wakaamua ni mambo ya studio. Tulifanana, dada na mimi, hilo siwezi kulikataa.

Kwa hiyo wiki ile niliyolala nikiwalaani kwa kutokuja kuniona, wao walikuwa wananizika. Kinyongo nilichokilea miaka yote kikaishiwa nguvu palepale, na sikujua niweke nini mahali pake.

Lakini kuna jambo lililoniumiza zaidi, na nilimwambia Kiberiti hivyohivyo. Shangazi aliniambia baada ya mazishi kwamba waliolia kuliko wote walikuwa mabinti fulani waliovaa suti za michezo, hakuna aliyewajua, walilia mpaka wakashikiliwa. Sote tulidhani ni marafiki wa dada. Nilimhadithia hivyo binti yangu toka akiwa mdogo, kwamba mama yako alipendwa na watu ambao hata sisi hatukuwajua. Aliishika habari ile kwa mikono miwili. Sasa Kiberiti anakaa sakafuni ananiambia yale machozi yalikuwa yangu.

Alifuta uso kwa fulana. Kisha, maana kocha ni kocha, akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimekuja kuomba nafasi ya kipa wa pili. Akatazama mlango, akatazama fremu, akashusha sauti.

"Siwezi kukukatalia," alisema. "Ila naomba usiwaambie hawa watoto wewe ni nani. Tumebakiza mechi chache tupande daraja. Wanakuamini wewe kuliko wanavyoniamini mimi."

Akanieleza wanachoamini. Kwamba Komeo hakuwahi kufungwa goli la kizembe. Kwamba alidaka penalti ya fainali goti likiwa limeshavunjika. Nilimkumbusha kwamba ile penalti iligonga mwamba, na goti liliumia mazoezini nilipoteleza kwenye jani la ndizi. Alisema anajua. Hadithi ilianza ndogo, ikakua yenyewe, na ikasaidia.

Basi nikawa na uamuzi mbele yangu ambao sikuujia. Ningeweza kwenda zangu nikabaki kipa bora ambaye ligi ya wanawake ya nchi hii haijapata kumwona, sifungwi milele. Au nikarudi na goti langu, niwe mama mtu mzima anayechelewa kona. Nani anarudi uwanjani kushindana na marehemu wake mwenyewe? Nilimwambia Kiberiti anipe glovu, nijaribiwe kwanza, maneno baadaye.

Nilisimama golini bila kutambulishwa. Mpira wa kwanza niliudaka. Wa pili niliupangua vizuri, mabinti wakaguna kwa kunipongeza. Wa tatu ulikuja taratibu, mtoto wa chekechea angeuzuia, nikainama, goti likagoma, ukanipita katikati ya miguu. Walicheka, lakini kwa adabu. Binti mmoja mrefu mwenye glovu, kipa wao wa kwanza, hakucheka. Aliniokotea mpira wavuni, akaniambia kwa sauti ya chini nisijali, yeye akifungwa goli la namna ile halali. Anaona kama yule ukutani anamwangalia.

Hapo ombi la Kiberiti nikalitupilia mbali.

"Yule ukutani ni dada yangu, na hajui hata ofsaidi," nilimwambia. "Komeo ni mimi. Nimefungwa magoli ya hivyo tangu wewe hujazaliwa."

Binti mmoja aliketi chini. Mwingine alianza kusali kwa sauti, mwenzake akamziba mdomo. Kiberiti alikuwa amejishika kichwa kwenye mstari wa katikati. Yule kipa mrefu alinikazia macho kwa muda, akatazama glovu zangu, na midomo ikaanza kumcheza.

"Kwa hiyo hata wewe ulikuwa unafungwa?"

"Sana."

Alilia mtoto yule, akilia huku anacheka, ameuegemeza uso begani kwangu kama mtu aliyetuliwa gunia. Niliondoka uwanjani bila kutoa jibu. Kiberiti alinipa namba yake na kusema anataka kujua kabla ya Jumamosi kama nipo au sipo. Tuliyatazama hayo maneno yake yakining'inia, wala hakuna aliyecheka.

Nyumbani nilimkuta binti anapasi sare za shule. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaruka kipande. Nilifika kwa wale mabinti wa suti za michezo. Nilimwambia, mwanangu, wale hawakuwa marafiki wa mama yako. Walidhani wananililia mimi. Aliinua pasi, akaisimamisha pembeni asije akaunguza kola. Nilisubiri alie. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akilia, mpira basi, sitakanyaga tena uwanja ulionipokonya kitu nilichompa mtoto huyu.

"Lakini waliyembeba ni mama," alisema.

"Ndiyo."

"Na kila siku wanamgusa yeye kabla ya kucheza."

"Ndiyo."

Akafikiri tena. Ana kawaida ya kuuma ulimi anapofikiri, dada alikuwa hivyohivyo.

"Basi mama amepata wa kumlilia, hata kama ni kwa makosa," alisema. "Wewe ndiye ambaye hujapata kitu, mama mdogo. Wewe walikulilia ukiwa hupo. Nenda wakushangilie ukiwepo."

Nilikaa kwenye kochi ninalokusudia kulishona kila mwaka na silishoni, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, bila aibu. Binti aliniletea simu, akaniwekea ile namba kabisa, akasimama mbele yangu ameshika kiuno kusubiri. Iliita mara kadhaa kabla ya kupokelewa.

"Haloo," Kiberiti alisema. "Nani mwenzangu?"

"Komeo," nilisema. "Nipo."