Koti la Kaki Lililompekua Koplo

Fidelia Mwalongo alikuwa duka. Hilo alilisema mwenyewe, kizimbani, mjini Njombe, na nusura limtie jela.

Kisa kilianza Makambako mwezi wa Juni, upepo wa njia panda ukipiga bila kujali mkubwa wala mdogo. Fidelia aliuza makoti ya mitumba karibu na stendi. Ukiyapanga chini, ushuru. Ukiyatundika kwenye kamba, ushuru. Ukiyaegemeza ukutani, anatokea mtu kudai ukuta una mwenyewe. Basi Fidelia akayavaa yote, moja juu ya jingine, akawa anatembea mikono imekaa mbali na mbavu kama mtu anayejiandaa kuruka. Mteja akitaka la ndani, Fidelia anamenywa kama kitunguu. Wateja waliyajaribu, wakatia mikono mifukoni, wakajizungusha, wakayarudisha.

Wenye kusahau wasahau. Makambako bado wapo wazee waliolala porini wakimkimbia mgambo wa kodi ya maendeleo. Kodi ile ilifutwa. Mbio hazikufutwa, walirithishwa wauza makoti na wauza mahindi ya kuchoma.

Siku ya operesheni ya polisi ya kuwaondoa wachuuzi stendi, wenzake wote walikimbia. Fidelia alijaribu, lakini nani anakimbia na duka mwilini? Koplo Lameki alimfikia akitembea tu.

"Vua hayo makoti!"

"Nivue mbele za watu, afande? Mahari yangu umelipa lini?"

Stendi nzima ikacheka. Makondakta wakapiga mbinja. Lameki, mtu mpole mwenye sauti nzito, hakupenda kuchekwa. Fidelia alivuliwa makoti akabaki na sweta, akafungiwa mahabusu palepale Makambako. Makoti yakatupwa nyuma ya gari lililokuwa linakwenda Njombe. Kesho yake akaambiwa kwamba ndani ya mfuko wa koti la kaki imekutwa misokoto ya bangi.

"Ya nani?" aliuliza.

"Koti la nani?" wakamjibu.

Hivyo ndivyo mwanamke aliyekamatwa kwa kuvaa nguo nyingi alivyogeuka muuza bangi. Alikaa mahabusu Njombe miezi miwili, akipandishwa na kushushwa kizimbani, hadi mkemia wa serikali akathibitisha kwamba ni bangi kweli, na hilo Fidelia hakulibishia. Miongoni mwa mikono yote iliyowahi kuingia mifuko ile, angejuaje ni upi ulioacha misokoto? Jambo lilikuwa moja tu. Misokoto ile ikipokelewa mahakamani kuwa kielelezo, anafungwa. Isipopokelewa, serikali haina kingine mkononi.

Shemeji yake, Nikodemo, mtu aliyeshtaki na kushtakiwa kwa mipaka ya mashamba mpaka akajiona mwanasheria, alimfuata mahabusu siku moja kabla ya kesi.

"Shemeji, sikiliza. Mtu akikamatwa, polisi wanampekua bila hati. Lakini duka halipekuliwi bila hati. Sasa niambie, wewe ni mtu au duka?"

"Mimi ni mtu, shemeji."

"Ukiwa mtu umekwisha! Kuwa duka!"

Fidelia alilala akijifundisha kuwa duka.

Asubuhi mahakama ilijaa. Wauza mitumba walikuja na basi la kwanza, wakajibanza kwenye mabenchi wakipuliziana mikono kwa baridi. Mheshimiwa Jackline, hakimu, aliingia na shali juu ya joho. Koplo Lameki akaapa kwa Biblia, akaeleza kwa ile sauti yake ya bezi, ambayo Jumapili ndiyo inayoishika kwaya ya usharika isianguke: "Nilimkamata mtuhumiwa, nikampekua, nikakuta misokoto." Wakili wa serikali, kijana mwenye tai nyembamba, akaomba misokoto ipokelewe pamoja na koti lake.

"Mshtakiwa, una pingamizi?"

Fidelia alisimama.

"Ninalo, Mheshimiwa. Mimi ni duka."

Kicheko kilianzia benchi la nyuma kikaja mbele. Wakili alisimama huku midomo inamcheza. "Mheshimiwa, kama ni duka, atuonyeshe leseni."

Nikodemo akajifunika uso kwa kofia.

"Kimya!" Hakimu alisubiri. "Mama, duka halipandi kizimbani. Koti lililo mwilini mwa mtu anayekamatwa linapekuliwa pamoja naye, bila hati. Sheria iko wazi. Una pingamizi jingine?"

Fidelia hakuwa nalo. Akaona miaka mbele yake, na hakujua hata pa kutazama, akaishia kulitazama lile koti mezani. Ndipo hasira ya biashara ikampanda, hasira iliyo kongwe kuliko woga.

"Mheshimiwa, naomba nimuulize afande. Koti langu lilikuwa na vifungo vyote. Hicho cha katikati kiko wapi? Na huo mgongo mbona umetanuka? Nani alilivaa koti langu?"

"Swali halihusiani na kesi," wakili alisema.

"Linanihusu mimi! Nitamuuzia nani koti lililopasuka kwapa?"

Hakimu alivua miwani, akalitazama koti, kisha akamtazama koplo: mabega yale, kifua kile. "Shahidi, jibu."

Lameki akaitazama Biblia. Angeweza kusema sijui. Wangapi wamesema sijui na wakapandishwa cheo? Lakini alikuwa ameapa, na shangazi wa mchungaji wake alikuwa amekaa pale benchi la pili.

"Nililivaa mimi, Mheshimiwa."

"Lini?"

"Njiani. Nilikaa nyuma ya gari. Baridi, Mheshimiwa, baridi ile... Tulipokaribia Njombe vidole vilikufa ganzi. Nikatia mkono mfukoni kupata joto. Nikagusa kitu."

"Koti likiwa mwilini mwa nani?"

"Mwilini mwangu."

"Na mshtakiwa?"

"Alikuwa Makambako, mahabusu."

"Kwa hiyo siku hiyo ulimpekua nani?"

"Nadhani nilijipekua mwenyewe, Mheshimiwa."

Mahakama ilipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliteleza kutoka benchini akabaki sakafuni akipiga zulia kwa kiganja. Karani alilala juu ya meza. Wakili wa serikali alifungua faili, akajificha humo.

"Mbona uliandika kwamba umempekua mtuhumiwa?" Hakimu alikuwa anajing'ata shavu.

"Fomu ina nafasi ya jina la mtuhumiwa tu. Haina nafasi ya askari."

"Shahidi huru alikuwepo?"

"Tulikuwa mimi na magunia ya viazi."

Hakimu aliomba dakika tano, akatoka, na kupitia ukuta ule mwembamba wa mbao kila mtu alimsikia akicheka. Aliporudi uso ulikuwa wa serikali.

"Sheria inaruhusu kumpekua aliyekamatwa, hapohapo, bila hati. Hairuhusu kubeba nguo zake hadi mji mwingine, bila yeye, bila shahidi, bila haraka yoyote ya kuwazuia kuomba hati, kuzivaa, kisha kuuita uvaaji huo upekuzi. Kielelezo kimekataliwa."

Wakili alisema hana shahidi mwingine. Hakimu akasema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, yuko huru. Vigelegele vikaenda mpaka barabarani, na Nikodemo alikuwa tayari anamweleza jirani yake kwamba mpango wote ulikuwa wake.

Fidelia aliinama kwa hakimu, akashuka kizimbani, akageuka kushoto kama alivyozoea miezi yote ile.

"Mama!" askari wa mlangoni alimwita. "Unakwenda wapi? Huko ni kwa mahabusu!"

Akasimama, mguu mmoja hewani. Kicheko kikampata hapo, yeye wa mwisho katika ukumbi mzima, kikamkunja mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akageuka, akatoka kwa mlango wa kulia, na hakuna mkono uliomgusa.