Mapovu Nyuma ya Shuka

Mama yangu ameimba kwaya ya kanisa letu pale Bungoma tangu kabla sijazaliwa, na muda huo wote hakuwa amebatizwa. Msimlaumu. Kanisa letu linabatiza kwa maji mengi, na Mama na maji mengi hawapatani. Alipokuwa msichana kule Matulo, mto Nzoia ulimbeba pamoja na mtungi wake, mjomba wake akamtoa kwa kumvuta nywele. Mtungi haukuonekana tena. Tangu siku hiyo Mama anaoga kwa beseni na ananyoa nywele fupi kabisa. Mimi humwambia hapo kwa nywele amekosea. Mto ukimbeba tena, tutamshika wapi?

Alishajaribu mara mbili. Mara ya kwanza aliingia mpaka magotini, akakumbuka ameacha maharagwe motoni. Mara ya pili Pasta Levi alikuwa ameshainua mkono, amefumba macho, anaomba kwa nguvu. Alipoyafumbua alikuta amembatiza hewa. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, ameshika viatu mkononi.

Kwaya ilicheka, na mimi nilicheka kuliko kwaya. Lakini kulikuwa na jambo moja hata mimi sikuliwezea utani. Kwetu asiyebatizwa hashiriki meza ya Bwana. Na Mama ndiye huoka ule mkate. Ndiye huosha vile vikombe vidogo na kuvipanga. Kisha sinia likimfikia, analipitisha kwa jirani na kuangalia dirishani, kama mtu aliyeona ndege.

Mwaka huu alituambia, "Jumapili ya ubatizo naingia. Nikitoroka tena, narudisha joho la kwaya. Nimechoka kupika karamu nisiyokula."

Hakuna aliyecheka.

Aliyejitolea kumsaidia ni Kiarie, mume wa dada yangu Fridah. Kiarie ni mtu wa eneo la Kwanza, karibu na Kitale, kwao ni mahindi mpaka mlangoni, lakini yeye aliwashangaza wazazi wake akawa mwalimu wa kuogelea. Anafundisha watoto katika hoteli moja mjini Kitale. Mtu akitaka kumaliza woga wa maji, huyo ndiye daktari wake.

Sasa shida. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali nyumba moja, na mmoja akimwona mwenzake njiani anakata kona. Tangu Fridah aolewe, Mama na Kiarie walikuwa hawajaambiana hata "habari". Maneno yote yalipitia kwangu. Mimi ndiye nilikuwa simu yao.

"Wakoli, niaje," Kiarie alinipigia. "Nimepata kambi msituni, huko Matulo, karibu na mahali kanisa lenu hubatizia. Iko na bichi. Twende Ijumaa, Mama azoee maji, Jumapili Pasta atupate huko huko."

"Bichi? Bungoma hii?"

"Bichi, bana. Mchanga na maji. Unataka nini ingine?"

"Na utamfundishaje mtu ambaye hufai kumwona?"

"Si wewe utakuwa hapo?"

Basi tukaenda, Mama, Fridah, Kiarie na mimi. Baba alibaki nyumbani na ng'ombe, na nadhani ndiye aliyekuwa na raha kuliko sisi wote.

Kambi yenyewe ni ya mzee mmoja anaitwa Wabwile, aliyekataa kukata miti ya babake wakati majirani wote walipanda miwa. Sasa ana kipande cha msitu chenye mikuyu mikubwa, nyani wenye dharau, na vibanda vya udongo vilivyopakwa chokaa. Ukishuka njia moja nyembamba unafika mtoni, ambapo amepigilia ubao ulioandikwa BICHI, mshale ukielekea chini. Bichi ile ilikuwa haijaguswa na maendeleo. Hakuna mwavuli, hakuna kiti, hakuna mwenye kuuza soda. Kuna mchanga mweupe, maji ya rangi ya chai, na ng'ombe waliotutazama kama sisi ndio tumewafuata kwao.

"Karibuni sana," alisema Wabwile. "Hapa ni kulala na kupumzika tu."

Kupumzika! Njia ya mtoni ilikuwa moja, jiko moja, choo kimoja. Wabwile alinipa filimbi yake ya kufukuzia nyani. Nikipuliza mara moja, Mama anapita, Kiarie aingie porini. Nikipuliza mara mbili, Kiarie anapita, Mama ajifungie. Mchana kutwa nilifanya kazi ya trafiki, na nyani nao wakakimbia kila nilipopuliza, wasijue wanakimbia mama mkwe au mkwe.

Ijumaa jioni Fridah alipata akili. Alimwomba Wabwile shuka la kitanda, la maua makubwa mekundu, tukalining'iniza kwa kamba kati ya mikuyu miwili pale mchangani. Mama akakaa upande huu na beseni la maji. Kiarie akakaa upande ule. Mimi nikasimama ukingoni mwa shuka, nikiona pande zote mbili.

"Mwambie aweke uso ndani ya beseni atoe mapovu," Kiarie aliniambia.

"Mama, anasema uweke uso ndani utoe mapovu."

"Mwambie nimesikia. Shuka si ukuta."

"Anasema amesikia, shuka si ukuta."

"Nimesikia," akasema Kiarie.

Mnaona kazi yangu? Nilikuwa simu ya watu waliokaa karibu kuliko bibi na bwana harusi.

Mama aliangalia beseni kama linataka kumuuma. Akainama, akalowesha kidevu, akainuka haraka. Nikamhurumia. Nikatangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "Na huyooo! Mama amezama! Kichwa chote kiko ndani!"

Kisha Kiarie akasema, "Wakoli, sijasikia mapovu."

Hapo ndipo nilipojua yule jamaa anafundisha kwa masikio. Watoto wa Kitale wanamdanganya kila siku, na yeye anageuka tu na kusikiliza. Maji hayasemi uongo, aliniambia baadaye, hata kama shemeji anasema.

"Mwambie," Kiarie aliendelea, "asifikirie mto. Afikirie uji. Uji umetoka motoni, watoto wana njaa, na yeye anaupoza. Apulize tu."

Sikufikisha ujumbe. Haukuhitaji kufikishwa. Mama alikuwa ameshainama, na safari hii mapovu yalitoka, blu blu blu, mpaka maji yakamwagika mchangani. Aliinuka uso unachuruzika, anahema, macho makubwa.

"Hiyo sasa nimesikia," alisema Kiarie.

Mama alijifuta, na nikaona anajizuia kutabasamu. "Mwambie uji wangu hauchukui muda mrefu hivyo kupoa."

Jumamosi tulihamia mtoni. Wabwile alifunga kamba kutoka mzizi wa mkuyu hadi jiwe lililochomoza majini, shuka likaning'inia juu ya maji. Mama aliingia na gauni la zamani. Upande wa pili Kiarie aliingia na suruali ndefu na shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Umesahau tai," nilimwambia.

"Nyamaza. Hata nyuma ya shuka, mkwe ni mkwe."

Asubuhi yote Mama alikataa kupita magoti. Mchana akafika kiunoni, akamshika Fridah mpaka kucha zikaacha alama. Kila alipotaka kurudi, ile sauti ilitoka nyuma ya maua, polepole, bila haraka yoyote: vuta hewa, uji huo hapo, puliza. Jioni alizamisha kichwa chote. Akazamisha tena. Kiarie, kule kwake, alikuwa ameinamisha sikio karibu na maji kama anayesikiliza mlangoni kwa jirani.

"Mwambie yuko tayari," alisema.

"Mwambie hanijui mimi," Mama akajibu. "Kesho hakuna shuka. Kesho ni Pasta, na watu, na hawa wa kwaya wanaojua mbio zangu."

Jumapili walifika kwa lori, kwaya imesimama nyuma inaimba kuanzia barabara kuu. Shuka tulikuwa tumeliondoa. Kiarie, kama inavyompasa, alijitenga msituni. Pasta Levi aliingia majini na joho jeupe, akaanza na vijana. Mmoja mmoja walizama, wakatoka, wakapigiwa vigelegele. Mama alikuwa wa mwisho. Nilisikia mwanakwaya wa sauti ya tatu akinong'ona, "Nani yuko karibu na barabara, amzuie?" Hata mimi, mwenye utani wa kuuza, nilitamani kumtupia mchanga.

Mama aliingia. Magoti. Kiuno. Pasta akamshika bega, akainua mkono, na safari hii hakufumba macho.

Mama alisimama kama nguzo ya stima. Nikauona mguu wake ukianza kutafuta nyuma, ukitafuta mchanga wa kurudia.

"Uji, Mama!" nilipiga kelele. "Puliza uji!"

"Wakoli, nyamaza!" akanijibu bila kugeuka. "Wewe ulisema nimezama na nimelowesha kidevu tu!"

Kwaya ikacheka. Mguu ukarudi nyuma hatua moja. Nikajua ndiyo hiyo, tumempoteza, joho linarudi kabatini na mkate ataendelea kuuoka bila kuuonja.

Kisha Mama akainua uso kuelekea msituni.

"Kiarie!"

Kicheko kilikatika kama maji ya bomba lililofungwa. Akina mama walishika vinywa. Mama mkwe anamwita mkwewe kwa jina, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya kanisa zima!

"Kiarie yuko wapi?"

Sauti ikatoka nyuma ya mkuyu mkubwa. "Niko hapa, Mama. Nimegeuka."

"Geuka vizuri."

"Nimegeuka kabisa, Mama. Naangalia mti."

"Basi sema yale maneno."

Pasta Levi alibaki na mkono juu, akimtazama Mama, akiutazama mti. Nyuma ya mkuyu Kiarie alikohoa kidogo.

"Vuta hewa, Mama. Mto usiuangalie. Uji uko mbele yako, ni wa moto sana, na watoto wamekaa chini wanangoja. Sasa puliza."

Mama akafumba macho. Pasta akasema maneno yake, na Mama akaenda chini.

Akaenda chini kweli! Kichwa, masikio, vyote. Maji yakafunga juu yake na hakuna aliyepumua. Halafu mapovu yakaanza kupanda, makubwa, mengi, kama sufuria ya harusi.

"Nayasikia!" Kiarie akapiga kelele kule kwa mti wake. "Nayasikia!"

Pasta akamvuta ili amwinue. Hakuja. Akamvuta tena. Alikuwa hajamaliza uji.

Alipochomoza, alichomoza na kelele sijawahi kuisikia kwake, nusu kicheko nusu wimbo, mikono juu, maji yanamtoka kila upande. Ufuo mzima ulilipuka. Vigelegele, makofi, ng'ombe wakakimbia. Fridah alikuwa analia. Mimi kuna mchanga uliniingia machoni, na msiniulize zaidi.

Pasta alimpa mkono amtoe. Mama akaukataa.

"Kiarie! Ile ya kulala juu ya maji inaanzaje?"

"Mama, hiyo tulisema ni siku ingine..."

"Niambie sasa!"

"Mama Fridah," Pasta Levi alisema kwa upole, "mara moja inatosha."

"Weka kisogo ndani ya maji," sauti ya mti ikasema, "angalia mbinguni, halafu acha miguu ijilete yenyewe."

Akaweka kisogo. Miguu ikajileta. Na Mama yangu akalala juu ya Nzoia, mikono imetandazwa, tumbo juu, akiangalia mbinguni kama mtu aliyeukodi mto. Mto ule ule ulioondoka na mtungi wake ulikuwa umembeba mgongoni, na haukuthubutu kwenda naye popote.

Walipanga meza ya Bwana pale pale mchangani, kitambaa cheupe juu ya benchi la Wabwile. Sinia likapita. Lilipomfikia Mama, mkono wa jirani ulikuwa tayari umenyooka kulipokea, kwa mazoea. Mama aliushusha ule mkono taratibu. Akachukua kipande cha mkate, akakitafuna huku amefumba macho, polepole sana.

"Unahitaji chumvi kidogo," alininong'oneza. "Na hakuna aliyewahi kuniambia!"

Chakula cha mchana, Fridah alirudisha shuka. Alilipitisha katikati ya meza ndefu ya kambi, Mama upande huu, Kiarie upande ule. Hawakuonana, na meza ilikuwa moja. Wazee wa kanisa walilikagua, wakaguna, wakakosa la kupinga, wakakaa.

Wabwile alileta kuku. Sasa, firigisi ya kuku kwetu haiguswi ovyo. Ni ya mwenye boma, au ya mgeni ambaye boma limemheshimu. Baba hayupo, kwa hiyo mrithi wa halali alikuwa mimi, na nilikuwa nimeshaiona, imenona, imekaa juu ya wali. Nikasogeza sahani.

Mama aliichukua kwa kijiko, akaiweka kwenye kisahani, akainua upindo wa shuka kidogo tu. Kisahani kikateleza kwenda upande wa pili.

"Mama!" nikasema. "Na mimi? Mimi niliyepuliza filimbi siku zote?"

"Wewe kula shingo."

Nikasikia Kiarie akikivuta kisahani karibu.

"Wakoli," akasema, "mwambie Mama..."

"Wakoli anakula," Mama alimkata. "Niambie mwenyewe."

Maua mekundu yalitikisika kidogo, kwa upepo au kwa pumzi ya mtu.

"Asante, Mama."

"Kula, mwanangu. Ni ya moto. Ipulize kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyopoteza kazi ya simu na firigisi siku moja. Shingo yenyewe, nisiwe mwongo, ilikuwa tamu.