Kuku wa Mahafali

Bi Moto alipofungua mlango wa nyuma wa gari, hasira zilimpanda hata salamu hajatoa. Hotpoti zote nne zilikuwa wazi. Mifuniko imepangwa vizuri pembeni, na juu ya kuku kaka yake ametandaza kitambaa cheupe, kisafi, kama anayemfunika mtoto mchanga.

Jina la Bi Moto alibandikwa na wateja, maana hakuna aliyewahi kula chakula chake kikiwa vuguvugu. Asubuhi hiyo alipakia kuku wakiwa bado wanatokota, akabana mifuniko kwa mikono yake mwenyewe, akatangulia shuleni kupanga meza. Kwa kaka yake mkubwa, aliyebaki kuleta chakula kwa gari, aliacha agizo moja tu: asifungue. Sasa alichomeka kipimajoto kwenye paja la kuku, akasubiri, akachomoa. Gari lilikuwa limekwama kwenye foleni asubuhi nzima, na kuku alikuwa vuguvugu tu, joto ambalo vijidudu huzaliana.

Kaka hakuona kosa. Alieleza kwa raha zake kwamba chakula kikifunikwa kingali moto hutoa jasho na kuchacha, naye hakutaka mdogo wake aumbuke mbele za watu. Kwao ndivyo walivyolelewa, sufuria ikiepuliwa mfuniko unawekwa kando.

Hapo ndipo palipomchoma zaidi. Angekuwa ameharibu kwa uvivu, angemtukana akapoa. Unamfokeaje mtu aliyekuharibia kwa mapenzi? Alimfokea hivyo hivyo, mpaka mlinzi wa getini akajifanya anafunga kamba za viatu.

Ndani, watoto wa chekechea walikuwa wameketi, majoho ya kukodi yamewameza, wanagonga meza kwa vijiko. Mwalimu mkuu alikuja mbio, akasikiliza, akaguna. Wazazi wameshafika, alisema, na chakula kinanukia vizuri, kwa nini kisipashwe kidogo? Lakini shule nzima haikuwa na jiko, ila birika moja la umeme. Basi mwalimu mkuu akasema waziwazi: kuku wasipopakuliwa, Bi Moto asahau kazi ya kuwapikia watoto mwaka ujao. Kazi hiyo alikuwa ameihangaikia tangu alipoanza kupikia watu.

"Kinamwagwa," alisema. "Nitawanunulia mikate na ndizi."

Mwalimu mkuu aligeuka akaenda zake. Kaka alicheka kicheko cha kukerwa, akanyakua paja moja la kuku.

"Una kiburi, dada. Mama hakuwa na kipimajoto. Viporo vya sufuria wazi tumekula utoto wetu wote. Nani alikufa?"

Jibu la swali hilo halikuwahi kutamkwa nyumbani kwao, si mama akiwa hai, si baada ya kumzika.

"Kitinda mimba wetu."

"Yule aliumwa tumbo."

"Aliumwa tumbo, ndiyo. Usiku ule sote tuliumwa tumbo, Kaka. Sisi tulikuwa wakubwa."

Paja lilibaki mkononi mwa kaka, karibu na mdomo. Aligeuza macho, akawatazama watoto dirishani, wengine miguu haifiki sakafuni. Kisha akalitupa kwenye pipa la taka, akashika mpini mmoja wa hotpoti ya kwanza. Bi Moto akashika wa pili. Hasira hazikuwa zimemtoka hata chembe.

"Mama alijua?" kaka aliuliza.

"Nyanyua," alisema Bi Moto.